MASHINI YA PICHA ZA NURU: HISTORIA YAKE NA MAHALI PA KUITUNDIKA

Siku hizi mashini ya kuonyesha picha ukutani si kitu cha ajabu tena katika nchi yetu ya Kasongo na Kabambare. Wengine huita projekta, wengine huita sinema tu kama wazee walivyoita. Vijana huiomba kwa mikutano yao, walimu huitamani kwa masomo, na siku za mpira mwenye mashini hiyo hupata wageni wengi kuliko viti vyake.

Mtu akitaka kununua mashini ya namna hiyo, maswali yake ni mawili: bei yake ni kiasi gani, na nuru yake yafika wapi? Maswali hayo ni mema. Lakini liko swali la tatu, nalo ni kubwa kuliko hayo mawili: mashini hii itakaa wapi, na nani atailinda? Twasema ni kubwa kwa sababu historia imelijibu kwa majivu na machozi. Tangu mwanzo wa picha za nuru mpaka leo, watu waliokufa mbele yake hawakuuawa na picha. Waliuawa na taa iliyowekwa vibaya, na mafuta yaliyomiminwa wakati usiofaa, na mlango uliofungwa. Basi tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kisha turudi kwetu.

TAA YA PICHA YA KWANZA

Watu wengi hudhani sinema ndiyo mwanzo wa mambo haya. Sivyo. Kabla ya sinema palikuwa na taa ya picha. Ilikuwa sanduku lenye taa ndani, na mbele ya taa kipande cha kioo kilichochorwa picha, na mbele ya kioo lenzi. Nuru ya taa ilipita katika kioo, ikapita katika lenzi, ikatua ukutani, na picha ndogo kama kiganja ikawa kubwa kama mtu.

Aliyeitengeneza kwanza ni Mholanzi mwenye elimu kubwa, Christiaan Huygens, yapata mwaka 1659. Lakini aliyeitangaza kwa watu ni Padre Mjesuiti wa Roma, Athanasius Kircher. Mwaka 1646 alitoa kitabu kikubwa juu ya nuru na kivuli, na katika chapa ya pili ya mwaka 1671 alichora taa hiyo. Ukutani alionyesha roho katika moto wa toharani, na kifo chenye mundu wake. Lakini mchoro ule una kosa: kioo cha picha kimewekwa mbele ya lenzi, na mahali pake ni nyuma ya lenzi, kati yake na taa. Tena picha zimesimama wima, na kwa kweli kioo hutiwa kichwa chini, kwa kuwa lenzi huigeuza picha. Basi tangu kale shida ya mashini hii ilikuwa ile ile: kila kipande kikae mahali pake.

LIVINGSTONE NA WATU WA SHINTE

Katika bara letu taa ya picha ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mzungu Daudi Livingstone twamjua hapa kwetu. Alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, akiuguza vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Halafu akaenda Nyangwe, na huko tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni kando ya Lualaba.

Lakini miaka mingi kabla ya kufika Maniema, mwezi wa Januari 1854, alipita kwa mfalme Shinte wa Balunda, upande wa mipaka ya Angola na Zambia ya leo. Alikuwa na taa ya picha. Picha ya kwanza aliyoionyesha ilikuwa Abrahamu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Watu walitazama kimya. Alipokisogeza kioo ili akiondoe, wanawake waliona kisu kinatoka kwa Isaka na kuwajia wao. Wakapiga kelele wakimwita mama, wakakimbia wote pamoja, wakikanyagana. Livingstone aliandika baadaye kwamba hilo lilikuwa fundisho lake pekee ambalo watu walimsihi alirudie.

Tusiwacheke wale wanawake. Jambo la kuangalia ni lile la kukimbia. Kundi la watu gizani, wote wametazama upande mmoja, hofu ikiwaingia hawafikiri tena. Huenda kama maji yaliyobomoa ukingo. Kwa Shinte walikuwa nje, na uwanja ulikuwa mpana. Je, wangalikuwa ndani ya nyumba yenye mlango mmoja?

MOTO WA PARIS, 1897

Tarehe 28 Desemba 1895, huko Paris, ndugu wawili wa jamaa ya Lumière walionyesha watu waliolipa kiingilio picha zinazokwenda. Walifanya hivyo katika chumba cha chini cha mkahawa ulioitwa Grand Café. Siku hiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa sinema.

Miezi 16 tu baadaye yakatokea maafa. Katika mji huo huo wa Paris, Wakatoliki wenye mali walikuwa na desturi ya kufanya soko la huruma kila mwaka, wakiuza vitu ili kupata fedha za maskini, za yatima na za wagonjwa. Mwaka 1897 walijenga banda la mbao katika njia iitwayo rue Jean-Goujon. Ndani walilipamba kwa vitambaa na karatasi zilizochorwa, lifanane na mtaa wa kale, na juu wakatandaza turubai kubwa. Na ili watu wavutwe kuja, wakaweka kando chumba cha sinema.

Tarehe 4 Mei, saa kumi alasiri, balozi wa Papa alifika, akabariki, akaondoka. Haukupita muda mrefu, taa ya sinema ikazimika. Taa hiyo haikuwa ya umeme. Ilitumia etha, nayo ni maji makali ambayo mvuke wake hushika moto upesi kuliko petroli. Mfanyakazi alitaka kuijaza tena mle mle chumbani. Palikuwa na giza. Msaidizi wake akawasha kiberiti apate kuona. Mvuke wa etha ukashika, vitambaa vikashika, turubai la juu likawaangukia watu likiwaka. Kwa muda wa kama robo saa banda lote likateketea. Walikufa watu zaidi ya 120, karibu wote wanawake na wasichana. Mmojawapo alikuwa Bibi Sophie, mke wa mtawala wa Alençon na ndugu wa malkia wa Austria. Habari zasimulia kwamba alikataa kutoka kabla ya wale wasichana waliokuwa wakimsaidia.

Nyuma ya banda palikuwa na ukuta wa hoteli wenye dirisha la nondo. Wapishi wa hoteli walizivunja nondo, wakavuta watu wengi wakawaokoa. Mahali pale Wakatoliki walijenga baadaye kanisa dogo la Bikira Maria wa Faraja, nalo liko mpaka leo.

Angalieni basi, wasomaji. Nia ya wale watu ilikuwa njema, kazi yao ilikuwa ya huruma, na baraka walikuwa wameipokea. Lakini nia njema haizimi moto. Taa ilijazwa mahali penye watu, ikiwa bado na joto, karibu na kiberiti. Hicho ndicho kisa chote.

KIJIJI CHA IRELAND NA WATOTO WA PAISLEY

Mtu atasema: Hayo ni ya siku za etha, umeme ulipofika hatari ilikwisha. La, haikwisha, ilihamia mahali pengine. Filimu za siku zile zilitengenezwa kwa nitrati. Kitu hicho kikishika moto hakihitaji hewa ya nje, kwa kuwa kinacho ndani yake kinachoulisha moto. Hata ukikitumbukiza majini huendelea kuwaka.

Jumapili tarehe 5 Septemba 1926, katika kijiji cha Wakatoliki kiitwacho Dromcollogher, nchini Ireland, watu walikusanyika kutazama sinema katika orofa ya jengo. Mshumaa ulikuwa karibu na filimu. Filimu ikashika moto, na meza ya mashini ilikuwa upande wa mlango. Wale waliokaa mbele, mbali na mlango, ndio waliokatiwa njia. Walikufa watu 48, na katika kijiji kidogo hesabu hiyo yamaanisha kila ukoo ulizika.

Tarehe 31 Desemba 1929, mjini Paisley, nchini Scotland, watoto walikuwa wamejaa katika sinema ya mchana. Sanduku la filimu likaanza kutoa moshi. Moto haukufika kwa watoto, lakini moshi uliingia ukumbini, mtu akapiga kelele, na watoto wakakimbilia mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa na lango la chuma lililofungwa. Walikufa watoto 71. Waliuawa na msongamano na kukosa hewa, nyuma ya lango ambalo ufunguo ungalilifungua.

Twaomba kila msimamizi wa ukumbi aisome habari hii mara mbili. Kwetu pia milango ya nyuma ya makanisa na ya shule hutiwa kufuli kwa ajili ya wezi. Si vibaya kufunga usiku. Vibaya ni kuiacha imefungwa watu wakiwa ndani.

FILIMU ISIYOWAKA, NA SINEMA ZA MISIONI

Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa filimu nyembamba, upana wake milimeta 16, iliyotengenezwa kwa asetati. Filimu hii ikipatwa na joto huyeyuka na kufanya malengelenge, lakini haiwaki kama nitrati. Mwaka 1951 kampuni hiyo ikaacha kabisa kutengeneza filimu za nitrati. Tena mashini ya milimeta 16 ilikuwa ndogo, mtu mmoja aliweza kuichukua mkononi. Basi ndiyo iliyofungua njia ya sinema katika vijiji vya Afrika.

Katika Tanganyika jaribio kubwa lilifanyika kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara. Waliolitengeneza walikuwa Meja Notcutt na Bwana Latham, kwa shauri la baraza la misioni za Kiprotestanti na kwa fedha za Carnegie ya Marekani. Walitengeneza filimu fupi 35, juu ya ukulima, afya, kuweka akiba na mambo ya namna hiyo, wakazizungusha kwa gari vijijini.

Upande wetu wa Kongo, mambo yalikuwa na uchungu wake. Mwaka 1945 serikali ya Kibelgiji ilitoa amri kwamba Mwafrika asiingie katika sinema ila kwa filimu zilizokubaliwa na kamati yake. Basi filimu moja iliweza kuonyeshwa mjini usiku mmoja, Mzungu akaruhusiwa kuingia na Mkongo akaambiwa arudi nyumbani. Sababu waliyoitoa ni kwamba Mwafrika hawezi kupambanua picha na ukweli. Neno hilo lilikuwa tusi. Wale wanawake wa Shinte walikimbia mara ya kwanza, kisha watu wakaomba waonyeshwe tena. Hiyo si dalili ya watu wasioweza kupambanua.

Hapo ndipo mapadre walipoanza kutunga sinema za Wakongo wenyewe. Padre Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alifanya kazi hiyo Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Alitunga na hadithi za Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili, kwa picha za kuchora. Huko Luluabourg, yaani Kananga, Padre Albert Van Haelst wa shirika hilo hilo alitunga vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Na katika Kivu, Mapadre Weupe walikuwa na nyumba yao ya filimu mjini Bukavu, ikiitwa Africa Films, chini ya Padre Roger De Vloo.

Sisi wa Kasongo tulikuwa karibu na kazi hiyo kwa undugu. Vikariati ya Kasongo ilipoanzishwa mwezi wa Januari 1952, wa kwanza kuiongoza alikuwa Mgr Richard Cleire, Padre Mweupe, ambaye kabla ya hapo alikuwa Vikario wa Kitume wa Kivu. Mwaka 1959 Kasongo ikawa jimbo kamili.

Onyesho la misioni la siku zile lilikuwa na utaratibu wake. Jua likishatua, shuka nyeupe ilifungwa kati ya miti miwili au juu ya ukuta wa shule. Mashini iliwekwa juu ya meza imara. Jenereta iliwekwa mbali, nyuma ya jengo, ili kelele yake isifunike sauti. Mara nyingi filimu haikuwa na maneno ya lugha ya watu, basi padre, katekista au mwalimu alisimama na kueleza. Ndani ya mashini filimu haikuteleza kama maji. Ilivutwa hatua kwa hatua: picha moja ilisimama mbele ya taa, kipande cha chuma kikaziba nuru, picha ya pili ikavutwa mahali pake, na hivyo mara 24 kwa nukta moja ya saa ikiwa filimu ina sauti. Filimu ikikwama mbele ya taa, picha ya ukutani iligeuka kahawia, ikatoka malengelenge, ikayeyuka mbele ya macho ya watu wote. Kwa hiyo mwendeshaji mwenye akili hakuiacha mashini hata dakika moja.

MAPAPA NA SINEMA

Kanisa halikunyamaza. Tarehe 29 Juni 1936 Papa Pius XI aliandika barua ya *Vigilanti cura* juu ya sinema, na tarehe 8 Septemba 1957 Papa Pius XII aliandika *Miranda prorsus* juu ya sinema, redio na televisheni. Barua hizo zilihusu zaidi yale picha inayoyafundisha, mema na mabaya. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa husimuliwa kwamba alipokuwa mgonjwa kitandani aliiona Misa ya Noeli ukutani mwa chumba chake.

Basi waamini wamezoea kuuliza: Picha hii yafaa roho? Swali hilo lisiachwe. Lakini Mungu ametukabidhi na miili ya watoto wetu. Mzazi anayemtuma mtoto wake ukumbini jioni amewaamini wasimamizi kwa yote mawili.

MASHINI MPYA

Filimu zilikuja kufuatwa na kanda za video tangu miaka ya 1970, na kanda zikafuatwa na santuri, na santuri na simu na vifaa vidogo kuliko kidole. Mashini ya kuonyesha nayo ikabadilika. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments, Marekani, alibuni kipande kidogo chenye vioo vidogo sana, vinavyoinama huku na huku na kutupa nuru mbele au kuizuia. Mwaka 1989 kampuni ya Epson ya Japani ilianza kuuza projekta ndogo yenye vioo vya maji-gande, ambavyo hupitisha nuru au kuiziba kwa nguvu ya umeme.

Humo hamna filimu ya kuyeyuka, wala etha. Mtu hubonyeza kidude, na picha ikatokea. Urahisi huu ndio unaotudanganya. Hatari imehamia tena: imehamia darini, katika nyaya, na nje kwenye jenereta. Tuiangalie huko.

NAMNA YA KUIWEKA SALAMA

Kwanza, umbali. Katika kitabu cha kila mashini imeandikwa hesabu ya umbali na upana. Ikiwa hesabu hiyo ni 1.5, zidisha upana wa kitambaa kwa 1.5. Kitambaa cha upana wa mita 2 chataka mashini iwe mita 3 mbali. Cha mita 3 chataka mita 4 na nusu. Kabla ya kutoboa mbao yo yote, weka mashini juu ya meza mahali hapo, uiwashe, upime. Wala usitamani picha kubwa kupita kiasi: ukiuzidisha upana mara mbili, nuru ile ile yatandazwa juu ya eneo mara nne, na mwangaza wa picha hubaki robo tu ya ule wa kwanza.

Pili, usawa. Mashini ikiinamishwa sana, picha hupanuka upande mmoja kama mdomo wa mtungi. Iweke sawasawa na kitambaa. Ukiitundika juu, huning'inizwa kichwa chini. Usishangae, katika maagizo yake mna neno la kuigeuza picha.

Tatu, mahali pa kutundika. Hili ndilo kubwa. Mashini ya nyumbani huwa na kilo 2 mpaka 5 hivi, na ikianguka kutoka mita 3 juu ya kichwa cha mtoto, yaweza kuua. Isifungwe kamwe kwenye ubao mwembamba wa dari, wala kwenye matete, wala kwa misumari. Msumari ulioelekezwa juu hutoka kidogo kidogo kwa uzito na mtikisiko. Itafutwe boriti yenyewe ya paa. Fundi aigonge na kuichoma kwa ncha ya kisu, kwa maana katika nchi yetu mchwa hula mti ndani na kuacha ngozi ya nje nzima. Ikiwa boriti ni nzima, itobolewe, bolti ipite upande hadi upande, ikazwe kwa nati na bamba la chuma.

Kisha ijaribiwe. Kabla ya kutia mashini, ning'iniza kwenye chuma hicho gunia lenye uzito mara tano wa mashini. Kwa mashini ya kilo 4, gunia la mchanga la kilo 20. Liache usiku kucha, na chini yake asikae mtu. Asubuhi chuma kikiwa hakikusogea hata kidogo, ndipo mashini itundikwe. Tena iongezwe kamba ya pili ya chuma, iliyofungwa kwenye boriti peke yake, ili bolti ikilegea mashini ining'inie isianguke. Wala viti visipangwe chini yake kama nafasi ipo. Paa likiwa la mabati, joto la mchana hukusanyika juu. Acha nafasi ya kutosha pande zote mashini ipate kupumua, wala usiifunike kwa kitambaa ikiwa yafanya kazi.

Ikiwa hakuna boriti ya kuaminika, msione haya kutumia meza. Meza nzito, yenye miguu minne imara, iliyozungukwa na kamba watoto wasiisogelee, ni bora kuliko dari la mashaka.

Nne, taa. Mashini nyingi zina taa yenye mvuke wa zebaki ulioshindiliwa kwa nguvu nyingi. Onyesho likiisha, usikate umeme mara moja. Izime kwa kidude chake, ungoje mpaka pepeo lake la ndani linyamaze. Ikiwa jenereta imezimika ghafula, iache mashini ipoe nusu saa, wala usiihamishe ikiwa ya moto. Mtoto asichungulie katika lenzi, maana nuru ile huumiza macho, hasa katika mashini za leza.

Tano, nyaya na jenereta. Waya upite ukutani au juu, usipite njia ya miguu. Mtu mmoja akijikwaa ataangusha meza, na giza litaleta hofu. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na madirisha, isiwekwe ndani ya sakristia wala stoo hata mvua ikinyesha, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakidhani wanasinzia. Na petroli ijazwe kabla ya kuanza. Ikiwa itakwisha katikati ya mpira, watu na wanung'unike. Jenereta izimwe, ipoe, ijazwe kwa tochi ya umeme, asiwepo mwenye sigara wala kiberiti. Kumbukeni banda la Paris: taa yenye joto, mafuta, kiberiti. Vitu vitatu vile vile viko nyuma ya ukumbi wetu.

Sita, milango. Iwe wazi yote miwili, au isiyofungwa kwa kufuli, na mtu mzima mwenye kujulikana akae karibu na kila mmoja. Njia kati ya mabenchi iachwe upana wa mita moja. Mashini isiwekwe mlangoni, kama walivyofanya Dromcollogher. Na kabla ya picha ya kwanza, msimamizi awaonyeshe watu kwa kidole: mlango huu, na mlango ule.

MANENO YA MWISHO

Wasomaji wetu wataona kwamba katika hayo yote hakuna jambo la gharama kubwa. Bolti, nati, kamba ya chuma, gunia la mchanga, ufunguo mkononi mwa mtu anayejulikana: vyote hivyo pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya mashini. Kinachotakiwa zaidi ni mtu. Kamati inayokubali kununua projekta na ikubali siku hiyo hiyo kumtaja kwa jina mtu wa kuitunza, mwenye kuikagua bolti kila mwezi na kusema hapana watu wakimhimiza. Mzigo usio na mwenyewe huangukia watu wote.

Zamani amri ya wageni iliwaambia Wakongo kwamba sinema si yao. Siku hizo zimepita, na mashini ya picha imekuwa yetu. Basi na ulinzi wake ni wetu pia. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee. Na tahadhari yenyewe yaanza kwa kupanda ngazi na kuitazama boriti.